Picha na sauti katika filamu: dhana potofu na ukweli kwa wanaopiga Arusha na Moshi

Dhana: Lenzi ndefu ndiyo inayoukuza mlima nyuma ya mwigizaji.

Kinachobadilisha ukubwa wa Kilimanjaro dhidi ya mtu ni umbali wa kamera kutoka kwa mtu huyo. Simama mita 2 mbele yake ukiwa na lenzi ya milimita 24: mlima unakuwa kichuguu begani kwake. Rudi nyuma hadi mita 8, weka milimita 96. Mwigizaji atabaki na ukubwa uleule, ila mlima utakuwa mkubwa mara 4, na maana itageuka: aliyeitawala fremu sasa ameelemewa. Ukisimama palepale na kuvuta kwa lenzi tu, mtu na mlima hukua pamoja, uwiano haubadiliki. Kwa hiyo amua kwanza nani mkubwa katika sini (kipande cha tukio) hiyo, ndipo upime hatua. Piga asubuhi mapema kabla mawingu hayajaifunika Kibo, kilele cha mlima huo, na utumie stendi nzito, maana lenzi ndefu hukuza kila mtikisiko.

Dhana: Jua kali la mchana ndilo mwanga bora.

Arusha iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri jua huwa juu ya kichwa na macho huzama kwenye kivuli. Bila macho, hisia haisomeki. (Kama mhusika anaficha jambo, kivuli hicho ni mali.) Msogeze mtu kwenye ukingo wa kivuli, tandaza shuka jeupe mbele yake chini ya fremu, na pima mwanga kwenye uso, si angani. Ukipima angani, uso mweusi unageuka doa.

Dhana: Kamera ikiwa chini, mhusika anapata mamlaka.

Si lazima. Pembe ileile inaweza kuwa jicho la mtoto anayemtazama mama yake akilia. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kisovieti, anakumbukwa kwa jaribio la kuunganisha uso uleule na sahani ya supu, kisha na jeneza. Mtazamaji huona njaa, kisha huzuni. Jiulize picha iliyotangulia ni ipi.

Dhana: Sauti itarekebishwa kwenye kuhariri.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapofia, na inauma kwa sababu kinga yake ni rahisi. Programu hupunguza mvumo, lakini haiokoi vizuri neno lililofunikwa na bodaboda. Tena mazungumzo ya dakika 2 kando ya stendi ya mabasi yanaweza kuchukua saa nzima kupigwa. Ukiunganisha vipande vyake, honi inakatika katikati na injini inaibuka kila picha inapobadilika; mtazamaji anaacha kumsikiliza anayesema.

Weka maiki ya kifuani sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, au ya fimbo karibu sentimita 50 kutoka mdomoni. Nje, ivalishe manyoya ya kuzuia upepo. Vilele vya sauti viishie karibu desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti. Mkimaliza, wote wanyamaze sekunde 60 na mrekodi sauti ya mahali kwa maiki ileile na kiwango kilekile. Hiyo itatandazwa chini ya sini nzima. Ndani ya nyumba, zima friji, uweke funguo za gari humo ili msiondoke bila kuiwasha.

Dhana: Ukimya ni kuzima sauti zote.

Ukizima kabisa, watu watadhani spika zimekufa. Ukimya hujengwa kwa kupunguza: ondoa barabara, kisha majirani, kisha kuku, ubakize mkaa unaopasuka jikoni. Kidogo hicho kinachosikika ndicho kinachomwambia mtazamaji jinsi nyumba ilivyonyamaza.

Mvua ya masika juu ya bati ina kanuni yake. Mazungumzo chini yake hayarekodiki, kwa hiyo rekodi mvua peke yake, maneno baadaye, uyachanganye. Sauti hiyo yatosha kuwafungia wahusika ndani bila kuonyesha hata tone. Ukitaka matone yaonekane, weka taa nyuma ya mvua, ikielekea upande wa kamera lakini nje ya fremu; ikimulikwa kutoka mbele, mvua hupotea.