Mvua Ikikatika, Mtazame Mbwa Wako

Masika ya Dar es Salaam hayana adabu. Unaamka na jua la kuanika nguo, saa sita wingu linajikusanya, saa saba bonde la Jangwani halipitiki, na saa tisa jua limerudi linachoma kana kwamba halikuona kitu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia mwelekeo wa msimu, na kwa ukanda wetu wa pwani ya kaskazini masika ni Machi hadi Mei, ila utabiri wa miezi mitatu haukwambii leo mchana utakuwa juani au majini. Sisi tunaotibu wanyama hatuiogopi sana mvua yenyewe. Mbwa akilowa hujikung'uta, yakaisha. Tunachokiogopa ni unyevu unaobaki chini yake jua likisharudi.

Aprili moja kijana alishuka kwenye bajaji mbele ya kliniki, mkononi kabeba mbwa wa kienyeji aliyefungwa khanga ya mama yake.

"Shikamoo dokta. Simba ana majipu mwili mzima."

Nikamlaza mezani. Majipu yalikuwa tumboni na mapajani, na kila moja lilikuwa na kitundu katikati, kidogo kama ncha ya pini. Ukitulia ukakitazama, kitu cheupe kinachungulia, kinarudi ndani. Tulipaka mafuta ya mgando juu ya kila kitundu, tukasubiri kama dakika kumi. Funza akikosa hewa hujitokeza mwenyewe, unambana taratibu pembeni, unamtoa mzima. Siku ile tulitoa 13. Usimkamue kwa nguvu, maana akipasukia ndani jeraha huvimba na kutunga usaha.

Nikamuuliza Simba analala wapi. "Nyuma ya nyumba, kwenye mchanga, chini ya kamba ya nguo." Jibu lote lilikuwa hapo. Nzi wa tumbu hataga kwenye mchanga mbichi wenye harufu ya mkojo au kinyesi, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa ndani ya siku 1 hadi 3, kisha mabuu, ndio hao funza, hukaa yakingoja ngozi ya kuingia, na hayachagui kati ya mbwa na mtoto wako. Ndiyo maana bibi zetu walisisitiza nguo ipigwe pasi hadi kwenye mishono, hata nepi.

Kwa hiyo ukiniuliza jambo moja la kumfanyia mbwa masika haya, nitakwambia mnyanyue kutoka chini. Huhitaji banda la fundi. Matofali manne kwenye pembe, fremu ya mbao juu yake yenye chaga kama za kitanda, shubiri moja kutoka ardhini, na bati linalozuia mvua ya upande. Gunia analolalia lianikwe kila jua linapotoka, hata kama ni la nusu saa. Kinyesi kizolewe kila siku, kwa sababu mchanga huohuo mbichi ndio unaolea mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa, na miguu ya watoto peku ndiyo inayoyaokota.

Kupe nao wana msimu wao wa sherehe. Kupe wa kahawia wa mbwa akishiba hudondoka, hupanda ukuta, hujificha kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa bila kugusa nyufa za banda, umefanya nusu ya kazi. Na tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa kukadiria kizibo kwa ndoo imeshatuletea mbwa wanaotetemeka na kutoa mapovu. Uliza kipimo cha mbwa, kwa uzito wake. Ukiona fizi zimepauka, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au damu inatoka puani, hiyo huenda ni homa ya kupe, usisubiri Jumatatu.

Kuna na chakula. Wengi tunawapikia mbwa ugali wa pumba au unga wa bei nafuu na dagaa, si vibaya. Ila gunia la pumba lililokaa sakafuni wakati wa masika huota ukungu, na ndani ya ukungu kuna sumukuvu. Sumu hii ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni mnyama anayedhurika nayo upesi. Kupika hakuiondoi. Unga ukiwa na harufu ya ukungu, mwaga, usiwape na kuku.

Mbwa anayetapika huku macho yakiwa ya njano anaweza kuwa amekula sumukuvu, au amepata homa ya mgunda, ile iliyothibitishwa Lindi mwaka 2022. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na kuogelea na maji ya mafuriko, kisha mbwa naye huvitoa kwa mkojo wake. Mbwa ana chanjo yake. Wewe vaa glovu unapoosha banda lililofurika.

Joto la baada ya mvua linadanganya. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na hewa iliyojaa mvuke haichukui joto lake. Mtembeze alfajiri au jua likizama. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 ni hatari ya maisha. Mmwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani, mpepee, umlete.

Mnaokaa kandokando ya Mto Msimbazi nawaomba sana, maji yakianza kupanda usiku, kabla hamjabeba godoro mfungueni mbwa mnyororo. Akikimbia kwa hofu ya radi, majirani watamwogopa, hivyo chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya mwaka huu na kadi ikae kwenye mfuko wa nailoni. Atakayeumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Yule kijana alirudi baada ya wiki mbili. Ngozi ya Simba ilikuwa imepona. Nikamuuliza habari za kitanda.

"Nilitengeneza dokta, siku tatu za mwanzo walilala kuku."

"Ukafanyaje?"

"Nikamtandikia gunia lake la zamani, nililikausha kwanza. Alinusa, akapanda. Kuku sasa wanalala chini yake."