Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa matumizi

Imani kwamba kiyoyozi lazima kiongezewe gesi kila mwaka ni ya siku nyingi, na inawagharimu watu bure. Gesi haichomwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, kiasi kilekile. Ikipungua, imevuja.

Ubaridi ukififia, zima umeme, osha chujio kwa maji na ulikaushe, kisha ondoa vumbi kwenye mashine ya nje. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Chujio likiwa safi na bomba bado linaganda barafu, au maungio yana mafuta, shuku uvujaji. Fundi ajaze naitrojeni kwa shinikizo, apake povu la sabuni kwenye nati za maungio (ndiko huvuja zaidi), azibe panapotoa mapovu kabla ya kujaza gesi. Kisha avute hewa kwa pampu hadi maikroni 500 (kipimo cha utupu ndani ya mabomba) au chini; unyevu ukibaki huzalisha asidi inayoharibu kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi. Gesi ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Ikizidi, kompresa huelemewa na umeme hutumika zaidi.