Vyeti Kumi na Kimoja na Jedwali Tupu

Wiki iliyopita alinibishia hodi hapa Mlandege, mjini Unguja, mtu wa nne mwaka huu mwenye shida ile ile. Alikuwa dereva wa daladala ya Nungwi kwa miaka mingi mpaka mgongo ulipomkatalia, naye akaamua, kwa busara kabisa, kutafuta kazi ya kukaa kitini. Alifungua jalada la plastiki akanipangia mezani vyeti kumi na kimoja vya kozi za mtandaoni, vyote vimechapwa kwa rangi: programu ya majedwali ya Excel, misingi ya uhasibu, uchambuzi wa data. Nilimfungulia jedwali tupu nikamwomba anipangie mauzo ya wiki moja ya duka lolote analolijua. Akashika mausi. Kishale kikawa kinawaka na kuzima katika kisanduku cha kwanza, na baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sasa hapa nianzie wapi?"

Sikumcheka, maana kiti hicho nimekikalia mwenyewe. Mwaka 2020, watalii walipokatika, nilikuwa mapokezi ya hoteli moja ya pwani ya mashariki, nikarudi nyumbani bila mshahara na kuanza kusoma kwa simu. Leo natunza hesabu za hoteli ndogo na kuwafundisha watu wazima. Lakini nimechoka, tena nimechoka sana, na imani kwamba anayetazama somo mpaka mwisho amejifunza, na kwamba cheti ni ushahidi wake.

"Lakini nilipokuwa natazama nilielewa kila kitu," dereva yule alinijibu. Namwamini, na hapo ndipo ulipo mtego. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Baadhi wakavisoma mara ya pili, na wengine wakavifunika na kuandika walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 42, na waliojihangaisha kukumbuka wakabaki na 56. Maana yake ni kwamba ile raha ya kuelewa, ambayo dereva wangu aliipata kila usiku mbele ya video, hupatikana zaidi kwa njia inayosahaulisha zaidi.

Nilimuuliza, "Kaka, abiria wangapi wamepanda gari lako kwenda Nungwi?" Akasema hawahesabiki. "Na wangapi walijua kuendesha kwa kukutazama?" Akafikiri, kisha akasema utingo wake alijua. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu asubuhi nilikuwa nikimwachia gari aligeuze stendi." Sikuwa na la kuongeza.

Jambo linaloniudhi zaidi ni usafi wa majedwali ya kwenye video. Huko kila jina limeandikwa kwa namna moja na kila tarehe imekaa mahali pake. Faili la kweli la hoteli ninayoihudumia lina mgeni mmoja aliyeandikwa Abdalla, Abdulla na Abdala, malipo ya dola na ya shilingi katika safu moja, na orodha ya wakala anayetanguliza mwezi kama wanavyofanya Wamarekani. Hili la tarehe naomba nilieleze taratibu, kwa sababu limewahi kuninyima usingizi. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wetu ikikuta 05/18 pamoja na mwaka wake haioni mwezi wa kumi na nane, kwa hiyo inaiacha kama maandishi ya kawaida na kuiegemeza upande wa kushoto wa kisanduku, na mwenye macho ataliona kosa. Ikikuta 05/06, ambayo kwa wakala ni tarehe 6 Mei, inaipokea kwa ukimya kuwa tarehe 5 Juni na kuiegemeza kulia kama tarehe halali. Basi wageni wa siku kumi na mbili za mwanzo wa Mei wanatawanyika mwaka mzima, isipokuwa yule wa 05/05, na mwenye hoteli anauliza nani amekula fedha zake. Fomula zote ni sahihi na jibu ni la uongo. Sijawahi kuona kozi ya kuanzia inayomwachia mwanafunzi aanguke katika shimo hili peke yake, na mimi nililijua kwa kuanguka.

Kuhusu Kiingereza cha masomo, nitasema tu kwamba Kiingereza cha kumkaribisha mtalii hakitoshi. Kuhusu bando, pakua usiku.

Wala sisemi kozi hazina maana. Kozi ya mtandaoni ya saketi za umeme, ya chuo cha MIT cha Marekani, mwaka 2012 iliandikisha watu zaidi ya 150,000, na waliopata cheti walikuwa 7,157. Dereva wangu, aliyezimaliza kumi na moja, ana subira ambayo wengi hawana. Tena lazima nikiri kwamba cheti kiliwahi kunifaa: ofisi moja haikutaka hata kuniona mpaka nilipokitoa. Nakiri pia kwamba nilipokuwa nikijifunza, mama yangu ndiye aliyenilisha kwa fedha zake za mwani, na kazi yangu ya kwanza niliipata kwa sababu mwenye hoteli alimjua mjomba. Mtu akiniuliza kama ningefika bila hayo mawili, sina jibu la kumpa. Kisiwa ni kidogo na kazi hizi si nyingi. Wapo niliowafundisha vizuri ambao bado wanasubiri.

Nilimpa faili moja la zamani, nikiwa nimeyafuta majina ya wageni, pamoja na taarifa ya benki ya mwezi huo huo, na sharti moja: asifungue video mpaka awe amekwama nusu saa. Alirudi jana. Malipo yote yalikuwa yamelingana na benki isipokuwa mistari miwili, na mmoja wapo tuliumaliza pamoja kwa sababu ilikuwa ni herufi O mahali pa sifuri. Wa pili, mstari wa 212, ni amana ya dola 60 ambayo haina mwenyewe. Nilipofunga hesabu za faili hilo zamani niliipita bila kuiona. Tumeipaka rangi ya manjano, naye amelichukua faili nyumbani.