Rasimu ya Mpango wa Mji Isomwe Kuanzia Nyuma

Rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi inaponifikia hapa Nakuru, siianzi kwa dibaji wala kwa sura ya dira. Hufungua kurasa za mwisho, penye jedwali la utekelezaji, nikachagua ahadi moja na kuifuata kurudi nyuma hadi nijue ilikotoka. Jedwali likisema bomba kuu la maji taka litajengwa, ni sharti nilione bomba hilo kwenye ramani, nilikute katika sera za sura ya miundombinu, na mwisho nipate takwimu zinazoonyesha kwamba mji unalihitaji na kwamba ardhi litakapopita inafaa. Panapokatika uzi huo ndipo ninapotia alama ya kalamu nyekundu, maana hapo ndipo afisa atakayekabidhiwa mpango huu miaka mitano baadaye atakosa pa kushika.

Takwimu huzikagua kwa kuzipigia hesabu upya mwenyewe. Tuseme mji una watu 60,000 na unakua kwa asilimia 3 kila mwaka. Baada ya miaka 10 utakuwa na watu 80,600 hivi. Tukichukua wastani wa watu 3.9 kwa kaya, kama sensa ya 2019 ilivyoonyesha kwa Kenya nzima, mji utahitaji nafasi ya kaya mpya zipatazo 5,300. Kila kaya ikipewa ploti ya futi hamsini kwa mia, hizo peke yake ni takriban ekari 600, na ukitenga asilimia 30 ya eneo lote kwa barabara, shule na masoko, unakaribia ekari 870. Sasa rudi kwenye ramani upime ukanda wa makazi mapya. Ukikuta umetengewa ekari 300 bila sera yoyote ya kuruhusu nyumba za ghorofa, basi sura ya idadi ya watu na sura ya makazi ziliandikwa na watu ambao hawakuketi pamoja. Nimeona pia rasimu ambayo sura ya maji ilitumia kasi moja ya ukuaji na sura ya nyumba ikatumia nyingine, na hakuna aliyeeleza sababu.

Ramani ndiyo inayonichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndiyo mwenye ploti na mpimaji watakayoitegemea. Katika mji mmoja mdogo wa magharibi mwa Kenya, maandishi ya rasimu yalisema wazi kwamba kingo za mto zitahifadhiwa, ilhali ramani ilipaka rangi ya makazi ya msongamano mkubwa hadi ukingoni kabisa. Nilikwenda kuona. Mama mmoja mzee alinipeleka jikoni kwake, akaweka kiganja ukutani juu kidogo ya meko, penye mstari wa tope lililokauka, akaniambia, “Mwanangu, maji hufika hapa kila mvua ya masika inapozidi.” Nilipima kutoka mstari ule hadi sakafuni, kisha kutoka mlango wake hadi mtoni, nikaviandika vipimo vyote viwili. Kanuni za maji zimekuwa zikitaja hifadhi ya ukingo ya kati ya mita 6 na mita 30 kutegemea upana wa mto, lakini upana wa mto hauonyeshi maji yatasambaa hadi wapi mafuriko yakija, na rasimu isiyowauliza wakazi huikosa habari hiyo.

Sisi wa Nakuru tuna sababu ya ziada ya kuwa wakali katika jambo hili. Mji wetu, uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, umekaa kwenye Bonde la Ufa penye nyufa za ardhi, na familia za Mwariki zimeona Ziwa Nakuru likipanda hadi kuingia majumbani mwao. Kisumu nayo haijasahau Mei 2020, Ziwa Victoria lilipojaa kiasi cha kufunika fuo. Ramani ya hatari za ardhi na maji isipowekwa chini ya ramani ya kanda, yaani ile inayoonyesha kila eneo limetengewa matumizi gani, mimi huipa ramani hiyo ya kanda alama sifuri hata kama imechorwa kwa ustadi.

Alama zangu ni 0, 1 na 2: jambo halimo, limetajwa tu, au limeelezwa kwa kina na kuunganishwa na hatua. Humwomba mwenzangu aisome rasimu ileile peke yake, kisha tunalinganisha. Tunapotofautiana, mara nyingi kosa ni la lugha ya mpango wenyewe.

Kuhusu fedha, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mfumo wa mipango. Kwa hiyo kila mradi uliomo kwenye jedwali nautafuta katika mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano. Safu ya mhusika ikiandikwa “kaunti na wadau” mstari baada ya mstari, hakuna idara itakayoulizwa mradi usipotekelezwa, na naona huo ni upungufu mkubwa kuliko ramani iliyofifia.

Orodha ya waliohudhuria baraza hainitoshelezi. Natafuta mahali ambapo neno la mkazi lilibadilisha mstari kwenye ramani. Kuhusu mto ule, niliandika maoni yenye nambari ya ukurasa, nambari ya ramani na vile vipimo viwili. Rasimu ya pili iliposomwa hadharani, mpaka wa makazi ulikuwa umesogezwa nyuma ya jiko la yule mama, ila jedwali la utekelezaji lilikuwa vilevile, bila shilingi hata moja ya kuwahamisha waliokwisha kujenga kati ya mpaka huo na mto. Barua yangu ya pili imeanzia hapo.