Sanskrini kuekspaya maana yake nini hasa

Sanskrini, yaani krimu ya kukinga ngozi na jua, ikipita tarehe yake haigeuki sumu siku hiyohiyo na wala haiachi kufanya kazi ghafla, kinachoisha ni ile ahadi kwamba namba ya SPF (kipimo cha kinga yake dhidi ya jua) iliyoandikwa kwenye chupa bado ni ya kweli. Yaani chupa inasema 50 lakini ndani nguvu inaweza kuwa imeshashuka, na bila maabara hakuna wa kukwambia imeshuka mpaka ngapi. Ndo kuekspaya kwenyewe huko, na ndo maana inasumbua, sababu kwa macho huoni kitu.

Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa (FDA) inataka sanskrini ibaki na nguvu yake ya mwanzo kwa angalau miaka 3, na kampuni ikionyesha kwa vipimo kwamba inafika hapo hailazimiki hata kuandika tarehe, kwa hiyo ukikuta chupa ya huko haina tarehe usidhani imefutwa. We chukua makapeni uandike siku uliyoinunua, ikitimiza miaka 3 tupa. Chupa za Ulaya nyingi zina kialama cha kikopo kilichofunguliwa kifuniko na ndani yake namba na herufi M, mfano 12M, hiyo ni miezi 12 kuanzia siku ulipofungua, sio siku ulipolipia. Kama chupa ina vyote viwili, tarehe na hicho kikopo, fuata kinachowahi.

Sasa kwa nini inachoka? Hapa inategemea kinachozuia jua ni nini. Kuna zile za madini, oksidi ya zinki na dioksidi ya titani, hizi chembe zake zenyewe haziozi wala hazivunjiki, ila ile krimu inayozibeba ndo inaharibika, maji na mafuta vinaachana, chembe zinagandana, ukipaka sehemu moja inapata nyingi na nyingine haipati kitu. Kwa hiyo wanaosema sanskrini ya madini haiekspayi wamepatia nusu tu, zinki ipo lakini haijasambaa kwenye ngozi, na pale ambapo haijafika jua linapita.

Alafu kuna zile za kemikali, na hapa ndo naomba usome taratibu. Kuungua ngozi mpaka inauma ni kazi ya UVB zaidi, aina moja ya miale ya jua. UVA ni aina nyingine, hiyo inazama ndani zaidi, inazeesha ngozi na ina mchango wake kwenye saratani, lakini haikuchomi haraka ukashtuka. Kemikali inayotumika sana kuzuia UVA ni avobenzoni, na avobenzoni ikipigwa na mwanga inavunjika isipowekewa kitu cha kuituliza, mara nyingi oktokrileni. Kwa hiyo mtu anaweza kupaka sanskrini iliyochoka, UVB inazuiwa kiasi, haungui, anafurahi anasema mbona bado inafanya kazi, kumbe upande wa UVA umeshalegea siku nyingi na ngozi haijampa taarifa yoyote. Kutoungua sio ushahidi jamani.

Hiyo oktokrileni nayo ina lake. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa na Marekani walichapisha kwamba chupa inavyozidi kukaa oktokrileni inageuka kidogo kidogo kuwa benzofenoni, ambayo shirika la utafiti wa saratani la IARC limeiweka kundi la 2B, vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Usiache sanskrini kwa ajili ya hilo, mionzi ya jua yenyewe iko kundi la 1, yaani imeshathibitishwa. Ila ni sababu nzuri ya kutokung'ang'ania chupa kuukuu.

Na ile tarehe imepigiwa hesabu ya chupa iliyotunzwa vizuri. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari, au juani pembeni yako wakati unaogelea, joto linaiwahisha, inaweza kuchoka kabla ya tarehe kabisa. Iweke kivulini, au izungushie taulo. Vilevile vihifadhi vinavyozuia bakteria na ukungu vinaisha nguvu, hasa kwenye kopo la kuchovya vidole. Ikibadilika harufu au rangi, ikitoka maji kwanza ndo krimu ifuate, ikiwa na punjepunje, hiyo imekwisha hata kama tarehe bado. Lakini isipoonyesha dalili yoyote pia haimaanishi ni nzima.

Kuna muda mwingine watu wanauchanganya na huu, ule wa kwenye ngozi. Hata iliyotoka kiwandani jana inatakiwa kurudiwa kila masaa 2 ukiwa juani, na mara tu ukitoka kwenye maji au ukitoka jasho sana. SPF inapimwa kwa kupaka miligramu 2 kila sentimita mraba, ambayo kwa mwili wa mtu mzima ni kama mililita 30 kwa mpako mmoja. Chupa ya mililita 100 hapo ni mipako mitatu na kidogo. Kwa hiyo anayejipaka mwili mzima juani alafu chupa moja ndogo imemfikisha mwaka wa pili, kwa maoni yangu shida yake ya kwanza sio tarehe, anapaka kidogo mno.

Kama una iliyopita muda na hamna nyingine, na harufu na ulaini wake havijabadilika, paka, ni bora kuliko ngozi tupu, ila ihesabu kama msaada mdogo, nguo ya mikono mirefu na kofia pana ndo zibebe kazi. Na tafadhali, usimgawie mtu mwenye ualbino chupa zako zilizopita muda ukidhani umemsaidia. Yeye ngozi yake haina melanini (ile rangi ya asili ya ngozi) ya kutosha kumkinga hata kidogo anapopaka kitu kilichochoka, kama unataka kumpa mpe ambayo haijafunguliwa na tarehe yake bado iko mbali.