Ukuta wa mdomo wa kalavati: yanayosemwa na yalivyo

Wengi hudhani ule ukuta wa zege kwenye mdomo wa kalavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, ni pambo, kwamba la maana ni bomba tu. Sivyo. Ukuta ndio unaoshika udongo wa tuta la barabara usiporomokee mtaroni, na ndio unaoyazuia maji yasipenye ubavuni mwa bomba. Yakishapata njia hiyo, huhamisha udongo kidogo kidogo, na siku lori zito linapopita, barabara inatitia.

Wapo pia wanaoamini kuwa ukuta uliotengenezwa kiwandani ni dhaifu kuliko wa kumwaga palepale. Kiwandani zege humwagwa kwenye fremu ya chuma, hutetemeshwa hadi hewa itoke, kisha humwagiliwa maji likomae. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa likiwa na siku 28. Masika, ndani ya shimo linalojaa maji kila jioni, fundi atazipata wapi siku hizo? Ila ukuta huu wa kiwandani ni mzito, mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,400, kwa hiyo kreni au kijiko (mashine ya kuchimbia) cha kuunyanyua kipangwe mapema.

Yale matundu madogo ukutani si kasoro. Nimeona watu wakiyaziba kwa saruji, kwa nia njema kabisa. Matundu hayo hutoa maji yaliyonywewa na udongo wa nyuma. Yakizibwa, maji hayo husukuma ukuta hadi uiname.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba ukuta ukishasimama, mmomonyoko umekwisha. Baada ya mvua kubwa, nenda upande maji yanakotokea, upige magoti. Mara nyingi utakuta sakafu ya zege iliyo mbele ya bomba inaning'inia: chini yake pana pango, mkono unazama hadi begani. Mchanga mwembamba hubebwa hata na maji yaendayo nusu mita kwa sekunde, na yanayotoka kwenye bomba lenye mteremko yanaweza kufika mita 3. Ndiyo maana ncha ya sakafu huhitaji ukuta mfupi unaozama ardhini, na mbele yake mawe makubwa yenye kona, yaliyopangwa juu ya tabaka la kokoto, ili maji yapoteze kasi kabla ya kugusa udongo mtupu. Bajeti ikibana, mawe hayo ndiyo hufutwa kwanza, na pango lile huanzia hapo.