Umegongwa na gari ukiwa kwenye baiskeli: kusanya kwanza kinachopotea upesi

Wengi wanaofika kwenye dawati la msaada wa sheria baada ya kugongwa na gari huanza na swali la fedha: nitalipwa kiasi gani? Sisi huwarudisha nyuma kidogo. Una nini cha kuonyesha kwamba mambo yalikwenda unavyosema? Dereva ana bima, na kampuni ya bima ina mkadiria hasara, wakili na fomu zake. Mwendesha baiskeli aghalabu hana hata kimoja kati ya hivyo. Tena ndiye anayekimbizwa hospitali huku gari likisogezwa kando na dereva akibaki kueleza. Majeruhi anapopata nafuu ya kuweza kuzungumza, maelezo ya upande mmoja yameshaandikwa.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Ajali moja inaweza kuzaa mashauri mawili. Kesi ya jinai ni ya dola dhidi ya dereva. Madai ya fidia ni yako. Katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, kosa la jinai huthibitishwa bila kuacha shaka ya msingi, ilhali kwenye madai inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa zaidi ya yale ya mwenzako. Kwa hiyo dereva kuachiwa huru hakufuti madai yako. Kuna nchi, Ufaransa ikiwemo, ambako aliyeumia huruhusiwa kuunganisha madai yake ndani ya kesi hiyohiyo ya jinai.

Nani anabeba mzigo wa kuthibitisha? Hapo sheria za dunia zinatofautiana mno. Uholanzi, kifungu cha 185 cha sheria ya barabara ya 1994 kinamwajibisha mwenye gari kwa madhara ya mwendesha baiskeli au mwenda kwa miguu, isipokuwa athibitishe kwamba ajali haikuweza kuepukika kabisa kwa upande wake. Mahakama za huko zimeongeza kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 hulipwa fidia yote, labda awe alikusudia au alifanya jambo la hatari ya makusudi. Ufaransa nayo ina sheria ya Julai 1985 inayowalinda majeruhi wasioendesha chombo cha moto; makosa yao ya kawaida hayapunguzi fidia ya mwili. Upande wa pili wa mizani kuna majimbo machache ya Marekani, kama Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia, ambako uzembe wako hata kidogo unaweza kukunyima fidia yote. Nchi nyingi ziko katikati: Uingereza, tangu sheria ya 1945, hakimu hugawa lawama kwa asilimia na kukata fidia kulingana na mgao huo.

Mgao wa asilimia ndio uwanja wa mapambano. Bima mara nyingi haikani kwamba gari lilikugonga. Itasema hukuwa na taa, ulikuwa unatoka upande usiofaa, ulijitokeza ghafla, hukuvaa kofia ngumu. Ushahidi wako unapaswa kuyajibu hayo, na sehemu kubwa ya majibu hufutika ndani ya siku chache.

Barabara yenyewe ndiyo inayofuta haraka zaidi. Magari ya sasa yenye breki zisizofunga magurudumu huacha alama hafifu za matairi au hayaachi kabisa, kwa hiyo usitegemee michirizi mirefu myeusi. Tafuta mikwaruzo mifupi kwenye lami. Pedeli, ncha ya usukani au ekseli inapogusa chini huacha mchubuko, na mahali mchubuko unapoanza ni karibu sana na mahali baiskeli ilipoangukia. Mchubuko huo ukiwa ndani ya njia yako, hadithi ya kwamba ulimwingilia dereva inakuwa ngumu kusimama. Vipande vya taa na vioo navyo husaidia, ingawa magari mengine huvisambaza baada ya dakika chache. Piga picha za mbali kwanza, zionyeshe makutano, alama za barabarani na gari lilipo, ndipo usogee karibu ukiweka kitu chochote cha kulinganishia ukubwa. Kama huwezi, mwombe mtu. Wapita njia wengi wana simu mkononi tayari.

Baiskeli ni shahidi ambaye watu humharibu kwa mikono yao wenyewe. Wiki haijaisha imeshapelekwa kwa fundi, ringi imenyooshwa, foki imebadilishwa. Usiiguse. Upande ambao gurudumu limepindia, urefu wa mkwaruzo ukilinganishwa na bampa, rangi ya gari iliyobaki kwenye fremu na rangi ya fremu iliyobaki kwenye gari, vyote humwambia mtaalamu gari lilitoka wapi. Taa ya balbu ya zamani inaweza hata kueleza kama ilikuwa inawaka: uzi wake ukiwa wa moto wakati wa kishindo hunyumbuka, ukiwa baridi hukatika tu. Taa za LED hazina uzi huo, hivyo kwa hizo tegemea shahidi au kamera. Kofia iliyopasuka ihifadhi ilivyo. Nguo usizifue.

Kamera za majengo na za mabasi hurekodi juu ya kumbukumbu za zamani, nyingine baada ya siku chache, nyingine baada ya wiki kadhaa. Mwenye kamera hana sababu ya kukuwekea picha kama hajaombwa. Mwandikie barua fupi yenye tarehe, saa na eneo, ukimtaka asifute, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa. Hata akikataa kukupa picha zenyewe, barua hiyo itakuwa na kazi mbele ya mahakama.

Na gari? Magari mengi mapya yana kifaa kinachohifadhi mwendo na matumizi ya breki kwa sekunde chache kabla ya ajali. Umoja wa Ulaya unakilazimisha kwa magari madogo na vani zote mpya zinazosajiliwa tangu Julai 2024. Tatizo ni kwamba kwa kawaida kifaa huamka pale mwendo wa gari unapobadilika ghafla, na baiskeli ni nyepesi kiasi kwamba gari linaweza kumgonga mtu bila kifaa kusajili lolote. Inafaa kuombwa, lakini usijenge kesi juu yake.

Kumbukumbu za safari kwenye simu au saa yako ni upanga wenye makali kuwili. Zinaweza kuonyesha ulikuwa kwenye mwendo wa kawaida na kwenye njia yako. Zinaweza pia kuonyesha uliteremka mlima kwa kasi. Usizifute. Jaji akijua ulifuta rekodi baada ya ajali anaweza kudhani zilikuwa mbaya kuliko zilivyokuwa.

Kwa mashahidi, chukua jina na namba ya simu papo hapo, kisha uliza swali moja: ulikuwa unatazama kabla ya kishindo au uligeuka baada ya kukisikia? Wengi waligeuka baadaye, na wakili wa upande wa pili ataligundua hilo ndani ya dakika mbili. Shahidi mmoja aliyekuwa anatazama anafaa kuliko watano waliokuja kukimbilia.

Adabu nayo hugharimu. Mtu ameanguka, mkono unamtetemeka, dereva anamuuliza hali, naye anajibu kwamba yuko salama na kuomba radhi kwa usumbufu. Maneno hayo huingia kwenye maelezo ya polisi. Jibu kwamba utaangaliwa na daktari, basi.

Na uende kweli siku hiyohiyo. Damu inayovujia taratibu chini ya fuvu inaweza kuonyesha dalili baada ya siku au wiki. Anayeanguka hujikinga kwa kiganja, na mfupa mdogo wa kifundo cha mkono upande wa kidole gumba unaweza kuvunjika bila kuonekana kwenye eksirei ya kwanza. Ndiyo maana madaktari hurudia kipimo baada ya siku 10 hadi 14. Usiporudi, bima itadai uliumia kwingine. Mweleze daktari kila panapouma, hata kama ni kidogo, kwa sababu kisichoandikwa kwenye faili huwa kigumu kudaiwa baadaye.

Wapo wanaoumizwa na gari lililoegeshwa. Mlango unafunguliwa ghafla, mwendesha baiskeli anaugonga, na mwenye gari anasema yeye alikuwa amesimama tu. Haimwokoi. Kifungu cha 24 cha Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani kinakataza kufungua mlango bila kuhakikisha hakuna atakayehatarishwa, na nchi nyingi zina kanuni kama hiyo. Piga picha ya mlango ukiwa bado wazi, na uandike nani aliyeufungua, maana anaweza kuwa abiria.

Fidia ina mafungu mawili. Gharama zinazohesabika, kama matibabu, nauli za kliniki, baiskeli na mshahara uliopotea, zinahitaji risiti au barua ya mwajiri. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na mahakama, na hapo daftari dogo linalosema lini ulishindwa kulala au kumbeba mtoto lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Bima inaweza kuja mapema na hundi pamoja na karatasi ya kukiri umeridhika. Ukishaisaini, mlango kwa kawaida umefungwa, hata kama mwezi unaofuata utahitaji upasuaji. Subiri daktari aseme hali yako imetulia.

Kusubiri huko kuna kikomo. Uingereza na Wales madai ya kuumia mwili yana ukomo wa miaka 3, na kwa mtoto muda huanza kuhesabiwa afikishapo miaka 18. Ukidai taasisi ya serikali, tuseme shimo la barabarani lilikusukuma mbele ya gari, muda wa kutoa taarifa unaweza kuwa mfupi zaidi. California ni miezi 6. Ulizia ukomo wa nchi yako wiki ya kwanza.

Dereva akikimbia, usikate tamaa ya fidia. Nchi nyingi zina mfuko wa kuwalipa majeruhi wa magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Wa Uingereza ulianzishwa 1946, wa Ufaransa 1951. Mifuko hii kwa kawaida hutaka kuona kwamba ajali iliripotiwa polisi mapema, kwa hiyo andikisha taarifa hata kama huna namba ya gari, na ubaki na namba ya taarifa hiyo.